Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya nishati: Umeme umebaki Rufiji, alizeti yetu inakamuliwa kwa dizeli

Kwa Waheshimiwa wenye dhamana ya nishati, viwanda na mipango ya nchi,

YAH: UMEME USIOFIKA KWENYE MASHINE

Shikamooni kwa mlionizidi umri. Kwa wengine, nawasalimu kwa heshima ya dhamana mliyobeba.

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkamuaji wa alizeti mkoani Singida, kijijini, mwendo wa saa moja na ushee kwa pikipiki kutoka mjini. Kazi hii niliianza mwaka 2014 na mashine moja iliyoendeshwa kwa injini ya dizeli. Leo nina mashine mbili, filta, na ghala la mabati la kuhifadhia mbegu na mashudu. Msimu ukichanganya huwa na vijana tisa kazini, na nje ya uzio kuna mama ntilie wawili ambao wateja wao wakubwa ni hao vijana na wakulima wanaosubiri zamu.

Kabla ya barua hii nimeandika nyingine tatu. Ya kwanza niliipeleka mwenyewe mwaka 2020, ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Ya pili ilikuwa 2022. Ya tatu ni ya baada ya hapo, nayo ina muhuri. Ofisi nilizozipelekea sizitaji, kwa kuwa shida yangu haiishii kwa karani wala meneja mmoja, na waliokuwa dirishani walinipokea vizuri. Jibu la kwanza lilikuwa nisubiri mradi unaofuata. La pili halikuja. La tatu nilipewa kwa mdomo: kijiji chenu kimeshahesabiwa kuwa na umeme, kwa hiyo hakimo tena kwenye orodha.

Neno hilo "kimeshahesabiwa" ndilo lililonitoa kwenye barua za bahasha nikaamua kuandika hadharani.

Umeme ulifika kijijini kwetu mwaka 2019. Tulishangilia, nami nilishangilia. Nililipa shilingi 27,000 ya kuunganishiwa kama wenzangu wote, na ninaishukuru Serikali kwa bei hiyo, maana bila hiyo nyumba nyingi za huku zingekuwa gizani mpaka leo. Lakini umeme uliotufikia ni wa njia moja, ule wa nyaya mbili. Unawasha taa, unachaji simu, unaendesha televisheni na friji ya soda. Mashine yangu kubwa ya kukamua inahitaji njia tatu, ule wa nyaya nne unaoendesha mota kubwa. Kwa hiyo ile ndogo ndiyo iko kwenye umeme, na kubwa, ambayo ndiyo inayonilisha mimi na wale tisa, iko kwenye jenereta.

Naomba niwape hesabu yake, kwani humo ndimo uchumi wa nchi unamogusana na waya wa umeme. Kukamua tani moja ya mbegu kwenye mashine kubwa kunakula uniti 70 hivi. Umeme wa gridi kwa matumizi ya kawaida ni shilingi 292 kwa uniti, na ukijumlisha kodi na tozo unafika kama 356. Tani moja ingenigharimu shilingi 25,000. Jenereta langu linanipa uniti tatu hivi kwa lita moja ya dizeli, na dizeli kwa miaka hii imekuwa ikipanda na kushuka karibu na shilingi 3,000. Tani ileile inanigharimu 70,000, na hapo sijaweka oili, filta za jenereta wala fundi.

Tofauti ni shilingi 45,000 kwa tani, yaani shilingi 45 kwa kila kilo ya mbegu. Siwezi kuimeza peke yangu. Sehemu yake inakatwa kwenye bei ninayomlipa mkulima anapofika na gunia lake, na sehemu nyingine anailipa mama anayekuja na dumu la lita tano. Kisha tunaambiwa mafuta ya alizeti ya nyumbani ni ghali kuliko mawese yanayotoka Malaysia na Indonesia. Ni kweli ni ghali, na katika kila lita ya mafuta yangu mnunuzi analipia na dizeli iliyotoka ng'ambo kwa dola.

Binti yangu anasoma uchumi chuo kikuu. Alipokuja likizo nilimuuliza swali ambalo limenikaa kichwani miaka mingi: nchi inatajirika kwa sababu ina nishati, au inatumia nishati nyingi kwa sababu imeshatajirika? Alinieleza kuwa wachumi wamebishana juu ya hilo tangu mwaka 1978, pale John Kraft na Arthur Kraft walipopima takwimu za Marekani wakaona kwamba kipato ndicho kilichotangulia na nishati ikafuata. Kwetu hali ilionekana tofauti. Mwaka 2009 mchumi Nicholas Odhiambo alichapisha uchambuzi wa takwimu za Tanzania za kuanzia 1971 hadi 2006, akaona kwamba matumizi ya nishati ndiyo yanayovuta ukuaji wa uchumi. Mwaka uliofuata akaona vivyo hivyo kwa Kenya na Afrika Kusini, na kwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo akaona kinyume chake.

Maana yake kwa mtu wa kijijini ni nyepesi. Marekani iliyokwisha kujenga viwanda inaweza kubana matumizi ya nishati na uchumi wake usitikisike. Sisi bado. Kwetu uniti inayokosekana mashineni ni kilo ya mafuta ambayo haikukamuliwa, ni mlango ambao haukuchomelewa, ni maziwa yaliyomwagwa kwa kukosa ubaridi.

Asiyeamini takwimu aikumbuke Unguja. Mei 2008 umeme unaotoka bara kwa waya wa chini ya bahari ulikatika, na kisiwa kikakaa gizani karibu mwezi mzima. Desemba 2009 ukakatika tena, safari hii mpaka Machi 2010, miezi mitatu. Hoteli kubwa ziliendesha jenereta usiku na mchana. Fundi seremala, mshonaji wa cherehani ya umeme na muuza samaki wa barafu hawakuwa na jenereta, wakakaa. Kisiwa kilikuwa kilekile, watu walewale na ujuzi uleule. Kilichoondoka ni waya mmoja.

Baada ya maelezo hayo, haya ndiyo malalamiko yangu.

1. Mnahesabu vijiji, hamhesabu kazi.

Tangu Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005 na kuanza kwa Wakala wake, nchi imefanya jambo ambalo wazee wetu hawakulidhani: nguzo zimefika kwenye vijiji zaidi ya 12,000. Sitaki mtu asome barua hii aone kwamba nabeza kazi hiyo. Ila kijiji kikishafikiwa na transfoma moja na kaya chache kuunganishwa, kwenye taarifa kinaandikwa kimemalizika, na hapo ndipo maendeleo yetu yanapoanza kuchelewa. Kimemalizika kwa kazi gani? Kwenye taarifa zinazotufikia huku sijawahi kuona safu inayosema: kijiji hiki kina mashine tatu za kusaga zinazotumia umeme, karakana moja ya kuchomelea, kituo kimoja cha kupozea maziwa, na viwanda viwili vinavyotaka njia tatu vimekosa.

Matokeo yake ni haya. Mstari wa mashine za dizeli ambao umeme ulikuja kuuondoa bado upo. Kwetu mashine za kusaga ziko nne, na tatu kati yake bado zinatoa moshi. Wenye mashine hizo si wajinga wala si wakaidi, nao wanataka umeme. Wameuliza njia tatu wakaambiwa kama nilivyoambiwa mimi.

Nami niliambiwa kwamba nikitaka haraka nigharamie mwenyewe laini na transfoma. Makadirio yakaja shilingi milioni 38. Fedha hiyo inazidi thamani ya mashine zangu zote mbili. Halafu nikishailipa, nguzo na transfoma vinakuwa mali ya shirika la umeme, na jirani atakayejiunga kesho atapita kwenye laini niliyoilipia bila mimi kurudishiwa chochote. Mwenye kiwanda kikubwa mjini anaweza kulibeba hilo. Mkamuaji wa kijijini hawezi, na huku vijijini ndiko mbegu ziliko.

2. Umeme unaofika ni mdogo, na unakatika bila neno.

Tangu 2019 nina daftari. Kila ninapowasha mashine ndogo naandika volti, kwa kipimo alichoniachia fundi. Asubuhi napata 215, siku nyingine 220. Saa moja jioni, watu wakisharudi majumbani, nimepata 170, na kuna jioni nimeandika 158. Mota haivumilii hali hiyo. Inavuta mkondo mwingi kuliko uwezo wake, inapata moto, inaungua. Nimeunguza mota mara mbili. Fundi wa kusuka mota yuko Singida mjini, na mara zote mbili nilikaa zaidi ya wiki bila mashine, katikati ya msimu, magunia ya watu yakiwa ghalani.

Kuhusu kukatika sitasema mengi, kila anayesoma anajua. Naomba jambo dogo tu: taarifa. Kama umeme utazimwa Jumatano ili laini ifanyiwe matengenezo, nikijua Jumatatu nitapanga vijana wapumzike Jumatano na tukamue Jumapili. Nisipojua, nimewalipa watu tisa kukaa kivulini.

3. Maji yetu ya umeme karibu yote yako kwenye bonde moja.

Hapa naomba mnivumilie, maana ni jambo linalonitia hofu kuliko mota zangu.

Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji ni kazi kubwa na ninajivunia. Mitambo tisa, kila mmoja megawati 235, jumla megawati 2,115. Tulianza kulijaza Desemba 2022, mtambo wa kwanza ukawashwa mwanzoni mwa 2024, na mwaka 2025 mitambo yote ikakamilika. Uwezo wa mitambo ya nchi ukapita megawati 4,000 wakati mahitaji ya saa ya juu hayajafika 2,000. Mwaka 2024 mvua zilipokuwa nyingi, mitambo ya vituo vingine vya maji ilizimwa kwa sababu umeme umezidi. Mimi siku hizo nilikuwa nanunua dizeli kwa madumu.

Sasa tutazame ramani. Mtera na Kidatu ziko kwenye Ruaha Mkuu. Kihansi iko upande wa Kilombero. Ruaha Mkuu na Kilombero zote zinaingia Rufiji, na Kilombero ndiyo inayoleta zaidi ya nusu ya maji ya mto huo. Maana yake ni kwamba Mtera, Kidatu, Kihansi na bwawa jipya vinanywa kwenye bonde moja. Mvua ikikosa nyanda za juu kusini, haikosi kituo kimoja, inavikosa vyote kwa msimu mmoja.

Na mvua imekosa mara nyingi. Tulikuwa na mgao wa umeme wa miaka ya 1992 hadi 1994. Tukawa nao 2006. Tukawa nao 2011, tena mrefu. Ukarudi mwishoni mwa 2022 na kuendelea 2023. Mara kadhaa tulikimbilia mitambo ya dharura kwa bei ya mtu aliyebanwa. Mkataba wa dharura wa mwaka 2006 uliishia kwa Waziri Mkuu kujiuzulu Februari 2008. Mabwawa ni nishati jadidifu, maji yanarudi, hilo sibishi. Lakini jadidifu inayotegemea wingu moja ina hatari yake, na mwaka inaposhindwa ndipo tunapochoma mafuta machafu na ghali kuliko yote.

Singida tuna upepo. Kuanzia Juni mpaka Oktoba, wakati mito imepungua, huku upepo unavuma kiasi cha kung'oa mabati, na anayeishi huku anajua miezi hiyo kwa vumbi. Mipango ya umeme wa upepo Singida imezungumzwa zaidi ya miaka kumi, kwenye makongamano na kwenye hotuba. Kituo kikubwa cha kupozea umeme cha kilovoti 400 kipo mkoani. Laini ya Iringa, Dodoma, Singida hadi Shinyanga, kilomita 670, inapita huku. Nyingine inatoka Singida kwenda Arusha na Namanga mpaka Kenya. Yaani upepo upo, laini ya kuubeba ipo, na msimu wake unaangukia miezi ambayo maji yanapungua. Nchi inayoupata mpangilio kama huu bila kuutafuta ingeuchangamkia.

4. Gesi isiachwe, na isichomwe kwa mazoea.

Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974 na ikafika Dar es Salaam 2004. Miaka 30. Ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, na bomba kubwa la kutoka Mtwara likakamilika 2015. Katikati yake, mwaka 2013, watu wa Mtwara waliingia barabarani wakiuliza wao watapata nini, na damu ilimwagika. Kabla ya bwawa jipya, gesi ndiyo iliyobeba zaidi ya nusu ya umeme wetu. Viwanda vilivyosimama imara katika miaka hiyo vilisimama kwa gesi, na anayesema nishati isiyo jadidifu haikuchangia ukuaji wa nchi hii hasemi kweli.

Hofu yangu iko pande mbili. Kwanza, maji yakiwa mengi, mitambo ya gesi itasahaulika, haitafanyiwa matengenezo, na siku ya ukame haitawaka. Pili, upande mwingine, kuna wanaozungumza juu ya zile futi za ujazo trilioni 57 kama kwamba ni mto usiokauka. Sehemu kubwa iko chini ya bahari ya kina kirefu na bado haijavunwa, na ikivunwa ina mwisho. Gesi ningependa iwe ghala la chakula: unalijaza, unalilinda, unalifungua mwaka wa njaa.

5. Nishati kubwa kuliko zote haimo kwenye hesabu zenu za umeme.

Nazungumzia kuni na mkaa. Nyumba nyingi kupita kiasi bado zinapikia humo. Ukipita barabara ya Manyoni unaona magunia yamepangwa mpaka unachoka kuyahesabu. Mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania waachane na kuni na mkaa ifikapo 2034, na taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 kwa siku zimekatazwa kuvitumia. Ni lengo jema. Naongeza moja tu, ambalo mke wangu ndiye aliyenionyesha: saa tatu anazotumia mwanamke kutafuta kuni ni saa za kazi. Haziingii kwenye pato la taifa zikitumika hivyo, na zingeingia kama angekuwa shambani au sokoni. Halafu miti hiyohiyo inayokatwa kwenye vyanzo vya mito ndiyo inayotunza maji ya mabwawa.

6. Waya.

Majirani zetu Kenya walijenga shamba la upepo la Ziwa Turkana, mitambo 365, megawati 310. Mitambo ilisimama tayari 2017. Laini ya kuutoa umeme huo kwenda Suswa, zaidi ya kilomita 400, ikakamilika Septemba 2018. Kwa muda wote huo upepo ulivuma, mapanga hayakuuza umeme, na walipa kodi wakabebeshwa fidia ya ucheleweshaji. Sisi wenyewe, lilipozuka suala la kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, hoja iliyotolewa ilikuwa upotevu wa umeme unaosafiri kutoka kusini. Kama hoja ni hiyo, basi tatizo tumeshalitaja kwa vinywa vyetu: megawati tunazo, njia ya kuzifikisha hatuna. Kwangu mimi laini hiyo inayokosekana ni waya wa tatu na wa nne kwenye nguzo zilizokwisha simama.

Waheshimiwa, najua majibu yanayoandaliwa kwa barua kama hii, maana mengine nimeshapewa.

Mtasema mahitaji ya vijijini ni madogo, na kuvuta njia tatu kwa mashine mbili hakulipi. Nauliza: mahitaji yamepimwa vipi? Kama yamepimwa kwa uniti zinazotumika sasa, basi mmepima taa, kwa sababu mashine hazikuruhusiwa kuingia. Dizeli inayouzwa kijijini kwetu kwa madumu ndiyo kipimo cha kweli cha mahitaji. Mtumeni mtu ahesabu mashine za kusaga, za kukamua, za kukoboa na pampu za maji, halafu azigeuze kuwa uniti.

Mtasema bei ya umeme wetu tayari ni ya chini, na kaya ndogo zinalipa shilingi 100 tu kwa uniti kwa zile 75 za mwezi. Ni kweli, na iendelee hivyo kwa bibi mwenye taa mbili. Mimi sikuomba kupunguziwa bei. Niko tayari kulipa 356, na ningekuwa tayari kulipa zaidi kidogo, ili niache kulipa 1,000 ya dizeli.

Mtasema uchumi unakua hata hivyo, asilimia 5.5 mwaka 2024. Nami nakubali unakua. Unakua kwa dhahabu, kwa utalii, kwa ujenzi, na kwa wakulima wanaouza mbegu ghafi ili zikakamuliwe mbali. Ninachodai ni sehemu ya ukuaji huo ambayo ingebaki kijijini kama mbegu ingekamuliwa ilipovunwa na mashudu yakabaki kwa mifugo ya hapahapa.

Mtasema mabadiliko ya tabianchi hayapangiki. Ukame wa 2006 ulikuwa na sababu ya kutushtua. Wa 2022 haukuwa nayo.

Na yupo atakayesema niunganishe paneli za jua niache kulalamika. Nimezifikiria. Paneli zinafaa kwa pampu na kwa taa, na ninazo mbili nyumbani. Mashine ya kukamua inayohitaji nguvu kubwa wakati wa kuwaka, saa kumi kwa siku, inataka betri ambazo bei yake inanirudisha kwenye zile milioni 38.

Kwa heshima, ninaomba haya:

Kwanza, kila kijiji kilichoandikwa kuwa kimefikiwa na umeme kirudiwe na kuhesabiwa upya kwa kazi: mashine ngapi zinatumia umeme, ngapi bado zina dizeli, ngapi zimeomba njia tatu na lini. Orodha hiyo ibandikwe kwenye ofisi ya kijiji na ya kata, ili aliyeachwa ajione.

Pili, vijiji vyenye viwanda vidogo vya kuchakata mazao vipewe njia tatu kabla ya kuanza kuhesabu mafanikio mengine. Kwa mikoa ya alizeti, Singida, Dodoma, Simiyu na Manyara, ianzwe kabla ya mavuno, ambayo kwetu huanza Mei.

Tatu, mtu anayelazimika kugharamia laini aruhusiwe kulipa kidogo kidogo kupitia LUKU yake, mita ya malipo kabla, na wanaojiunga baadaye kwenye laini hiyo wachangie kumrudishia.

Nne, taarifa ya kuzima umeme kwa matengenezo itolewe siku mbili kabla kwa ujumbe wa simu, na uwepo utaratibu unaoeleweka, ulioandikwa kwa Kiswahili, wa kudai fidia ya mota au kifaa kilichounguzwa na umeme mdogo. Nimeutafuta utaratibu huo, kila niliyemuuliza akanielekeza kwa mwingine.

Tano, tuambiwe upepo wa Singida umekwama wapi hasa. Kama ni fedha, kama ni bei ya kununulia umeme wenyewe, kama ni ardhi, tuambiwe kwa maneno ya kawaida na tarehe iwekwe.

Sita, mpango wa mwaka wa ukame uwekwe wazi kabla ya ukame: mitambo gani ya gesi itawaka, iko katika hali gani, na nani watakatiwa umeme mwanzo na nani mwisho. Viwanda vidogo visiwe vya kwanza kila mara kwa kuwa tu havina wa kuvisemea.

Daftari la volti ninalo, lina kurasa za miaka yote tangu umeme ufike, na nakala za barua zangu tatu zenye mihuri ziko kwenye faili moja nalo. Afisa yeyote atakayetaka kuziona aje, tena aje jioni, saa moja, nitamwashia mashine apime mwenyewe. Nguzo ya mwisho yenye njia tatu iko kilomita nne kutoka getini kwangu, upande wa barabara kuu.

Nasubiri jibu la maandishi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkamuaji wa alizeti,
Singida.